Karpi wa bwawani: upepo wa kufuata ni ule wa mchana

Msomaji wa Gilgil ameuliza: "Navua karpi kwa mshipi kwenye bwawa la kunyunyizia mashamba, chini ya milima ya Nyandarua. Lina urefu wa kama nusu kilomita. Ukuta uko upande wa chini, na kijito kinaingia upande wa juu. Nimetazama video nyingi za wavuvi wa Uingereza, na wote wanasisitiza kwamba karpi hufuata upepo. Basi mimi nafika kabla ya jua kuchomoza, naangalia upepo unaelekea wapi, na karibu kila mara unaelekea ukutani. Natupa ndoana hapo hadi saa nne asubuhi, kisha narudi nyumbani mikono mitupu. Je, upepo hauna maana kwa karpi wetu? Na presha ya hewa wanayoitaja, niitazame kwenye simu? Wenzangu wananiambia niachane na bwawa hili niende Ziwa Naivasha."

Ndugu yangu, upepo una maana kubwa kwa karpi wetu, na umefanya vizuri kuutazama kabla ya kutupa mshipi. Shida iko kwenye saa. Upepo unaoufuata ndio usio na faida kwao, na ule wenye faida unaanza kuvuma wakati wewe umeshafunga virago.

Tuanze na huo wa alfajiri. Usiku usio na mawingu, ardhi ya miteremko ya Nyandarua hupoteza joto haraka. Hewa inayoigusa nayo hupoa, huwa nzito, kisha huteremka polepole kuelekea Bonde la Ufa. Ndiyo hiyo inayokupiga usoni ukiwa umesimama ukutani saa kumi na mbili kasorobo. Ni upepo mdogo, wa baridi, na popote unapogusa maji unayaondolea joto. Jua likishapanda, mambo hugeuka. Miteremko hupata joto, hewa yake hupanda, na nyingine hutoka bondeni kujaza nafasi. Kwenye bwawa lililokaa kama lako, ukuta chini na kijito juu, upepo wa mchana huelekea kusukuma maji kutoka ukutani kwenda mkiani, kule kwenye maji mafupi kijito kinapoingia. Kwa hiyo alfajiri umekuwa ukivua pale ambapo karpi hana haja ya kuwa, huku meza yake ikiandaliwa upande wa pili kuanzia saa saba hivi.

Wavuvi wa Uingereza hawakudanganyi. Wanasema yaliyo kweli kwao. Huko maji wakati wa baridi hushuka hadi nyuzi 5 na chini ya hapo, na karpi hula kidogo mno au asile kabisa. Upepo wa kusini-magharibi ukitoka Bahari ya Atlantiki huja na hewa ya uvuguvugu na mawingu, na unaweza kuvuma siku mbili tatu bila kukoma. Karpi aliyekaa wiki nzima kwenye maji baridi anaposukumiwa maji yenye nyuzi mbili za ziada, huamka na kuyafuata. Upepo wa kaskazini au mashariki huwaletea baridi, ndiyo maana wanaukwepa. Hesabu yao ni ya majira na ya siku.

Hesabu yetu ni ya saa. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta. Maji yetu, hata huku juu kwenye takriban mita 2,000, hayapitii majira ya baridi kama yao; Ziwa Naivasha hukaa kwenye nyuzi ishirini na kitu sehemu kubwa ya mwaka. Karpi wetu ana hamu ya kula Januari na ana hamu ya kula Julai. Kinachobadilika ni kile kinachotokea kati ya alfajiri na jioni ya siku moja, na upepo ndio unaoongoza mabadiliko hayo.

Hebu tuone upepo unafanya nini hasa. Jua la saa tano na saa sita hupasha tabaka la juu la maji, na tabaka hilo hukaa juu ya maji baridi kama malai juu ya maziwa. Katika joto la kwetu, tofauti ya nyuzi moja hubadilisha uzito wa maji zaidi kuliko tofauti hiyohiyo kwenye maji ya baridi, kwa hiyo hata bwawa dogo hujigawa matabaka kwa urahisi adhuhuri. Upepo ukianza, hulisukuma lile la juu. Kanuni ya kukadiria ni kwamba maji ya juu husafiri kwa asilimia 2 hadi 3 ya kasi ya upepo. Upepo wa kilomita 15 kwa saa, yaani ule unaotikisa vitawi na kukunja uso wa maji, utayasogeza kama mita 300 hadi 450 kwa saa moja. Bwawa lako lina mita 500. Maana yake ni kwamba saa moja na nusu ya upepo wa kweli inatosha kuhamishia maji ya uvuguvugu upande unaopigwa. Upepo wa dakika ishirini haujafanya kazi yoyote ya maana. Ukiona watu wanahamisha vifaa kila majani yanapotikisika, waache.

Maji yakishajazana upande ule hayana pa kwenda, kwa hiyo huzama na kurudi nyuma yakipita chini. Hapo chakula huanza kusogea. Wadudu walioanguka majini, mbegu, mwani uliokatika, vyote vimeshaletwa na mkondo wa juu. Mawimbi nayo yanachokoza tope la maji mafupi. Wimbi huvuruga maji hadi kina cha karibu nusu ya umbali kati ya wimbi moja na jingine. Mawimbi yaliyoachana mita mbili yatafika chini kwenye maji ya mita moja. Humo topeni ndimo wanamokaa mabuu mekundu ya usubi, minyoo na konokono wadogo, chakula ambacho karpi hukitafuta kwa kufyonza tope na kulitema. Upepo umemchimbia nusu ya kazi. Ndiyo maana maji ya rangi ya chai ya maziwa karibu na ukingo unaopigwa ni dalili nzuri. Wavuvi wengi huyakimbia wakidhani samaki hawaoni chambo. Karpi ana ndevu mdomoni za kuonja na kugusa, haoni taabu humo.

Usiende tu katikati ya ukingo unaopigwa, maana upepo ni nadra kupiga ukingo sawasawa. Mara nyingi huja kwa mshazari, na maji yakifika huanza kukimbia kandokando ya ukingo hadi yazuiwe na kitu: kona, rasi ya matete, mti ulioanguka. Pale yanapozuiwa ndipo povu na takataka hukusanyika, na ndipo mimi ningetupa kwanza. Kona moja yenye povu naipenda kuliko mita 100 za ukingo ulionyooka.

Kisha kuna oksijeni, na huku kwetu nyanda za juu jambo hili lina uzito kuliko wavuvi wengi wanavyodhani. Maji ya nyuzi 20 kando ya bahari yanaweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Kwenye urefu wa Gilgil hewa ni nyepesi, na maji yaleyale yanashika kama miligramu 7 tu. Tunaanza siku na akiba ndogo. Usiku mwani na majani ya majini huacha kutengeneza oksijeni na kuanza kuitumia, kwa hiyo saa yenye oksijeni kidogo kuliko zote ni ile kabla tu ya jua kuchomoza, saa ileile unayofika wewe. Karpi ni mvumilivu, ataishi mahali ambapo trauti angekufa, lakini kuishi na kula ni mambo mawili. Akikosa pumzi ya kutosha husimama, hutulia, na kukipita chambo chako bila kukigusa.

Hapa nakuomba uangalie rangi ya bwawa lako. Kama ni kijani kibichi, lina mwani mwingi, na ninayoyasema kuhusu alfajiri yanakuhusu kikamilifu. Uvuvi wa maana utaanza jua likiwa limewaka kwa muda wa saa tatu au nne. Hali huwa mbaya zaidi baada ya siku mbili tatu za mawingu mazito bila upepo, kwa sababu hata mchana mwani haukutengeneza vya kutosha. Ukiwaona samaki wakihema juu asubuhi hiyo, usifurahi kwamba wako wengi. Wanatafuta hewa, na hawatakula. Kama bwawa ni la kahawia kwa sababu ya udongo, tofauti ya usiku na mchana ni ndogo, na unaweza kupata samaki alfajiri, hasa pale kijito kinapoingia na maji mapya. Lakini ukutani, kwenye kina kirefu, sipakupendekezei kabisa kwa saa hizo.

Upepo wa mchana ukivuma, mawimbi huingiza hewa majini. Kwa hiyo ukingo unaopigwa saa tisa alasiri una joto, una chakula, na una pumzi. Sababu tatu zimekutana mahali pamoja na kwa saa moja, na sijui karpi angetaka nini zaidi.

Basi mpango wako uwe hivi. Fika saa sita au saa saba, na usitupe kitu. Chukua chungwa moja, lirushe mbali kutoka ukutani. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo linasukumwa na maji. Chupa tupu husukumwa na upepo wenyewe na kukudanganya. Litazame chungwa kwa nusu saa. Likielekea mkiani, ujue upepo wa bondeni unafanya kazi niliyoeleza. Likielekea kwingine, amini chungwa kuliko maneno yangu, kwa sababu kilima kimoja au msitu wa mikaratusi unaweza kuupinda upepo, na kati ya Desemba na Machi kaskazi ikiwa na nguvu inaweza kuushinda upepo wa miteremko. Kama unataka uhakika zaidi, funga kipimajoto ndani ya kichupa, zamisha kichupa kijae maji, kiache dakika kadhaa kisha ukivute na usome. Maji yaliyomo yatashika joto lake hadi uone. Pima ukutani, pima mkiani. Tofauti ya nyuzi mbili alasiri inatosha kukuonyesha pa kukaa.

Ukishapajua mahali, kaa ukitazama kwa muda. Viputo vidogo vinavyotoka kwa mstari na kusogea ni karpi anayechimba. Viputo vinavyotoka palepale pasipo kusogea mara nyingi ni gesi ya tope tu. Tete moja likitikisika kinyume na upepo, kuna mgongo umelisugua. Wingu la tope linalozidi kukolea mahali pasipo na wimbi nalo lina mwenyewe.

Halafu usitupe mbali. Hili nalisisitiza kwa sababu mtu akisimama kwenye ukingo unaopigwa, moyo humtuma atupe katikati ya bwawa, akishindana na upepo unaomrudishia mshipi. Samaki wako miguuni pako, mita tano, pengine mita mbili. Weka chubwi nzito kidogo ili chambo kisiburutwe na ule mkondo wa chini, zamisha mshipi usikamatwe na upepo, na utembee polepole. Karpi ana mifupa midogo inayounganisha kibofu chake cha hewa na sikio, kwa hiyo husikia vizuri kuliko samaki wengi, na kishindo cha gamubuti kwenye ardhi ngumu kinamfikia. Mawimbi yanakusaidia kufunika kelele, ila yana mpaka wake. Kuhusu chambo sina mengi: punje za mahindi yaliyochemshwa hadi yakalainika, au donge la ugali mgumu uliokandwa vizuri, na konzi moja ya mahindi hayohayo uliyotawanya mapema.

Vua hivyo hadi jua lizame. Upepo ukifa, maji yaliyojazana huanza kurudi yalikotoka, lakini samaki hawaondoki papo hapo, na saa moja ya utulivu wa magharibi mara nyingi ndiyo bora ya siku nzima.

Kuna siku ambazo upepo usiufuate. Ukihisi kwamba upepo ni baridi kuliko maji, upande unaopigwa ndio unaopoa kwanza. Hiyo ndiyo hali ya Juni hadi Agosti, siku za ukungu na manyunyu yasiyokatika. Siku kama hizo nenda upande uliokingwa, penye maji mafupi yaliyotulia, usubiri mawingu yafunguke hata kwa saa mbili za mchana. Vivyo hivyo baada ya mvua ya mawe. Barafu ile hupoza maji ya juu ghafla, yakazama, na ya chini yaliyokosa hewa yakapanda. Kwenye bwawa dogo lenye kina, samaki wanaweza hata kufa. Kesho yake usipoteze muda wako.

Mvua ya kawaida ni habari nyingine, na mvua za kwanza za Machi au Aprili baada ya kiangazi kirefu ni neema. Kijito kinapoanza kushusha maji mekundu, kinashusha na minyoo, na mbegu za nyasi, na kila kilichokuwa kimekauka ukingoni. Karpi hupanda kukutana nacho. Kaa kwenye mpaka ambapo maji mekundu yanakutana na yale ya bwawa, ndani kidogo ya mekundu. Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua, upepo mdogo kabisa unatosha kuwarundika kwenye kona moja, na karpi atapanda kuwala juu kama ambavyo hafanyi siku nyingine. Lakini bwawa likijaa hadi kufunika nyasi, na ukaona karpi wakirukaruka na kukimbizana kwenye maji ya goti, hao wanataga. Hawatakula, na wewe usiwaingilie. Hao ndio samaki wako wa miaka ijayo.

Radi ikianza kunguruma, weka ufito chini na uondoke kwenye maji. Fito za kaboni hupitisha umeme, na hakuna samaki anayestahili hatari hiyo.

Presha ya hewa hainichukui muda mrefu. Huko Uingereza inapanda na kushuka sana kadiri hali ya hewa inavyobadilika, kwa hiyo inamwambia mvuvi kinachokuja. Karibu na Ikweta presha ina mwendo wake wa kila siku: hufika juu mara mbili, karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hushuka mara mbili, karibu saa kumi alasiri na saa kumi usiku. Mpando huo wa kawaida mara nyingi ni mkubwa kuliko tofauti kati ya siku ya jua na siku ya mvua. Ukiiona simu ikionyesha presha inashuka saa nane mchana ukadhani mvua inakuja, utakuwa unasoma saa, maana kesho itashuka tena wakati uleule. Achana nayo. Tazama mawingu juu ya Nyandarua, yatakuambia zaidi.

Na kuhusu kuhamia Naivasha: karpi wako wengi, hilo ni kweli. Walianza kuonekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na katika miaka michache wakawa ndio wengi katika nyavu za wavuvi. Kanuni ya upepo inafanya kazi kule pia, asubuhi ni shwari na alasiri huchafuka, ila ziwa ni kubwa na maji huchukua muda mrefu zaidi kuhama. Pia kuna gugu maji. Visiwa vyake husukumwa na upepo kutoka ghuba moja hadi nyingine, na mahali ulipovua jana panaweza kuwa pamefungwa leo. Chini ya tandiko lile nene hewa ni haba. Vua kwenye ukingo wake, upande ulio wazi.

Lakini Naivasha kuna viboko, na saa niliyokusifia, ile ya magharibi upepo unapokufa, ndiyo saa yao ya kutoka majini kwenda malishoni. Wameua watu pale, wengine wakiwa wamesimama kwenye maji ya magoti tu. Ukienda, nenda na mwenyeji anayejua njia zao, simama mahali palipo wazi, na uwe umeondoka ukingoni saa kumi na mbili jioni hata kama samaki ndio kwanza wanaanza kula. Kwa sababu hiyo peke yake, mimi ningebaki na bwawa la Gilgil kwanza, nikahamia mkiani mwake, nikavua alasiri kwa msimu mzima kabla ya kuwasikiliza wenzako.